Mwaka Mume Wangu Alipokula Nyama Tupu

Nimepikia watu karibu maisha yangu yote. Shuleni nilikuwa mpishi hadi nilipostaafu, kanisani napikia harusi na matanga, na nyumbani nampikia mume wangu. Sikuwa nimewahi kurudishiwa sahani ikiwa imejaa. Kwa hiyo siku mume wangu aliposukuma kando isyo yangu, mahindi na maharagwe niliyoyachemsha tangu asubuhi na kuyakaanga na majani ya kunde, nilidhani ameona nzi.

“Nzi hakuna,” alisema. “Kuanzia leo mimi nakula nyama peke yake.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mume wangu ni mchuuzi wa mbuzi. Huwanunua kwao, upande wa Mutomo, akawaleta huku Makueni kwa wenye bucha wa Salama na Malili. Wakati huo alikuwa na miaka mitatu tangu aambiwe ana ugonjwa wa sukari. Baba yake pia alikuwa nao. Ulianza na kidonda kidogo kwenye kidole gumba, mzee akakificha, na mwishowe mguu ukakatwa chini ya goti. Miaka iliyobaki aliimaliza kwenye kiti nje ya nyumba, akisikiliza mbuzi wake wakipelekwa malishoni na watu wengine. Mpaka leo mume wangu akivua viatu jioni hugeuza nyayo zake na kuzitazama, wa kulia kisha wa kushoto. Hasemi anatafuta nini, nami siulizi.

Habari ya nyama aliitoa kwenye simu. Kulikuwa na mwanamume fulani mwenye kifua kipana ambaye mume wangu alizoea kumsikiliza akingoja wateja sokoni, na mahubiri yake aliyashika kuliko ya mchungaji wetu.

“Matunda ni sukari imevaa ganda,” aliniambia. “Ugali ni sukari. Maharagwe ni sukari imejificha. Na hiyo kunde, mwenye kukula ni mbuzi. Wewe ukikula mbuzi, si umekula kunde?”

Lazima nikiri kwamba hilo la mwisho lilikuwa jibu zuri, na ndiyo sababu lilinikera. Nikamtolea yote niliyofundishwa kwenye semina za wapishi wa shule: mboga husaidia tumbo, matunda hulinda ufizi, mtu anahitaji vya aina nyingi. Nikamuuliza choo atakwenda na nini.

“Kiangazi ikikuja kwetu, mboga huwa wapi?” alisema. “Matunda huwa wapi? Sisi tuliishi na maziwa na nyama, na hakuna mtu alikuwa na sukari.”

“Na baba yako je?”

Neno lilinitoka kabla sijauma ulimi. Alichukua kigoda chake, akatoka, na kesho yake akajiwekea mafiga nyuma ya zizi la mbuzi, na wavu wa kuchomea, na sufuria moja ya supu. Hivyo ndivyo alivyohama jikoni kwangu.

Asiyejua kwetu ataona ni jambo dogo, mwanamume kujichomea nyama nje. Kuchoma nyama ni kazi ya wanaume na hakuna anayeshangaa. Lakini mume kutokula cha mke wake, siku baada ya siku, hiyo ni barua. Watu huisoma hata kama hawajaandikiwa. Mwanamume wa kwetu akikasirika hapigi kelele, anakataa chakula, na wakwe huanza kutafutana. Wiki ya pili haikuisha kabla akina mama wa kanisa hawajafika, wanne, na Biblia na pakiti ya majani chai. Waliimba, wakaomba, kisha mkubwa wao akanishika mkono akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mwingine.

“Yuko,” nikamwambia. “Ni mbuzi.”

Walicheka wakashika mbavu, nami nikacheka nao. Walipokwenda nililia jikoni peke yangu. Nilikuwa na mboga shambani, nilikuwa na michungwa miwili nyuma ya nyumba, na hapakuwa na wa kumpakulia. Mpishi asiye na mlaji ni mtu wa ajabu sana. Unaonja chumvi halafu unajiuliza unaionjea nani.

Jambo baya zaidi ni kwamba nyama ilimfaa. Tumbo lilipungua, akafunga mshipi tundu jingine. Alikwenda kwenye duka la dawa pale Salama akadungwa kidole, akarudi akitembea kama bwana harusi, maana sukari ilikuwa imeshuka kuliko wakati wowote tangu augue. Je, nilifurahi? Mke mwema angefurahi. Mimi nilisema, “Ngoja tu.” Na nilipomsikia akijikaza chooni asubuhi, nikiwa nachuma sukuma karibu na hapo, nilitabasamu. Mungu anisamehe.

Yule wa kwenye simu alikuwa amesema pia kwamba mtu wa nyama hahitaji vidonge. Hapo niliweka mguu chini. Nilimwambia nyama ni yake lakini dawa ni yangu, na siku atakayokataa dawa nitawaita ndugu zake wote kutoka Mutomo. Hakubisha. Kila asubuhi, kabla hajafungulia mbuzi, nilimpelekea vidonge kwenye kiganja na kikombe cha maji, nikasimama hapo mpaka nione koo limepanda na kushuka. Chai alikuwa ameacha, na nyama yake ya kwanza haikuiva kabla ya saa tano. Mimi niliona ninamtunza. Niliona mimi ndiye mwenye akili katika nyumba ile.

Kando ya barabara kuu kulikuwa na familia moja ya Waislamu kutoka kaskazini mashariki, wenye duka la nguo, na mama wa nyumba hiyo alikuja kwangu kila asubuhi kuchukua maziwa ya mbuzi. Naye ana sukari, ya miaka mingi kuliko ya mume wangu. Mara moja alinikaribisha kwake akanipa wali na nyama, na juu ya sahani hiyohiyo ndizi mbivu, akaimenya na kuila pamoja na nyama bila wasiwasi. Nilipomsimulia mume wangu ili ajifunze, alisema hao wana ngamia, mambo yao ni tofauti.

Asubuhi moja mama huyo alinikuta nimeshika ndoo tupu. Mume wangu alikuwa hajakamua. Tulimkuta ameegemea mlango wa zizi, shati limelowa jasho na hali kulikuwa na baridi, mikono inatetemeka. Nilimwita. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina.

“Mwaitu,” aliniambia.

Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake, aliyekufa zamani. Nilimshika bega, akanisukuma kwa hasira, mtu ambaye hajawahi kuninyooshea mkono. Hofu ilinishika. Lakini nitasema ukweli wote, kwa sababu nimeuficha vya kutosha: pamoja na hofu kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kilichosimama pembeni kikisema, si nilikuambia? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikapaza sauti, “Ni hiyo nyama! Nyama imempanda kichwani!”

“Nyama gani?” yule mama alisema. “Amekula nini leo?”

“Bado hajakula.”

“Na dawa?”

“Dawa amemeza. Nimempa mimi mwenyewe.”

Alitupa chupa yake ya maziwa chini. “Wallahi utaua bwana yako! Sukari imeanguka. Lete sukari, haraka!”

Sukari haikuwepo. Nilikuwa nimeiondoa nyumbani tangu siku alipoambiwa ana ugonjwa, hata asali niligawa. Nilikimbia nyuma ya nyumba. Matawi ya chini ya michungwa mbuzi wake walikuwa wameyala, nikaruka kama msichana, nikavuta tawi likakatika, nikarudi nalo zima. Yule mama alikata machungwa kwa meno. Tulimkamulia mdomoni, yeye akimshika kidevu, mimi nikikamua na kumsihi ameze, ameze tu, maji ya machungwa yakimtiririka shingoni. Alimeza. Akameza tena. Lilipofika chungwa la tano au la sita alifumba macho, akayafumbua, akatazama mkono wangu.

“Kwani unanipea matunda?” alisema.

Nilikaa chini kwenye mavi ya mbuzi, nikalia kwa sauti.

Yule mama alitueleza tukingoja gari la kutupeleka hospitalini. Kwao mwezi wa kufunga ukikaribia, mwenye sukari huenda kwanza kwa daktari abadilishiwe dawa, maana vidonge havijui kwamba mwenye tumbo hajala. Kila mtu anajua, alisema. Mimi sikujua. Sisi kanisani tukifunga, mwenye sukari huambiwa asifunge, basi. Na sikuwaza kwamba mtu anayekula mbuzi nusu kwa wiki anaweza kuwa amefunga.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza nani anasimamia dawa, nikasema ni mimi. Alieleza kwamba kimoja cha vidonge vile kazi yake ni kusukuma sukari chini, kikitarajia kuna chakula. Mume wangu alikuwa ameacha ugali, chai, kila kitu, na mimi niliendelea kumpa dozi ya mtu anayekula mlima wa ugali. Mlipobadilisha chakula mngetuambia, alisema. Akasimamisha kile kidonge, akaacha kingine, akataka kupima figo na mafuta ya damu.

Nilimuuliza swali langu hata hivyo. Sikuweza kujizuia. “Daktari, kati yetu ni nani alikuwa sawa?”

Alicheka kidogo. Alisema ni kweli sukari ya mume wangu ilikuwa imeshuka kwa kuacha wanga na chai tamu ya sokoni, hilo hawezi kulikana. Lakini kunde haikuwa adui, wala sukuma, na chungwa moja baada ya chakula si sawa na beseni la maembe, na mimi na mume wangu tulijua ni nani kati yetu, kabla ya habari ya nyama, alizoea kumaliza beseni. Nyama ale kiasi, mboga zirudi, ugali uwe wa ngumi moja. Mume wangu aliitikia kila neno kama mtoto wa shule. Nilitegemea kusikia ushindi ndani yangu, sikuusikia.

Tuliporudi nilimfuata nyuma ya zizi. Katika miezi yote ile sikuwa nimeketi kwenye moto wake. Niliketi juu ya jiwe, yeye kwenye kigoda, na nyama ya jana ikiwa baridi kwenye wavu.

“Hukuwa unasikia mwili?” nilimuuliza.

“Nilikuwa nasikia. Karibu wiki tatu sasa. Nikimeza hizo dawa, kufika saa nne natetemeka. Nakaa hapa chini mpaka supu iive, inapita.”

“Wiki tatu! Na hukusema? Kwa nini hukutema? Yule mtu wako wa simu si alikuambia uache?”

Alichukua muda. Alivua kiatu cha kulia, akatazama wayo, akakivaa tena.

“Chakula yako nilikuwa nimekataa yote,” alisema. “Hiyo dawa ndiyo ilikuwa imebaki ya kutoka kwa mkono yako. Ningekataa hiyo pia, ungekuwa unaniletea nini?”

Niliwasha moto wake, nikaenda jikoni nikaleta sufuria ya kunde, nikaibandika kwenye mafiga yake kando ya nyama. Tulikula hapo nje, sahani moja.