Chuma cha Mjerumani Kilivyonifunga Taya

Ndugu zangu, mnaoniona nimesimama hapa, mimi ni mtu wa jembe, wa Kwedizinga. Zamani nilikuwa na afya na maneno mengi. Mke wangu alikuwa akisema hata usingizini siachi kubishana.

Kwetu kila mtu anajua habari za mali ya Mjerumani. Wazee walituambia jeshi lake lilipita hapa wakati wa vita, likachimba mahandaki, na lilipowakimbia Waingereza likafukia masanduku ya rupia. Mimi na Hamza, mume wa dada yangu, tukaenda kuchimba kwa siri. Mganga alituapisha kwanza: atakayetaja mahali pale atakufa.

Rupia hatukuziona. Tuliona mifupa ya mtu, vifungo vya koti, na chuma chenye kutu kilichopenya kandambili kikanitoboa unyayo. Nikafunga kitambaa. Kidonda kikapona juu juu.

Wiki iliyofuata taya likakaza, nikashindwa kutafuna ugali. Ikafuata shingo, halafu mgongo ukapinda kama upinde. Nilijiuma ulimi, mkojo ukagoma kutoka. Kikombe kikigongwa tu, mwili mzima unakakamaa. Na akili yangu ilikuwa timamu, nilisikia yote.

"Mwanangu kapandwa na jini," mama akalia. "Mwiteni mganga!"

Nilijua ni ule mguu, lakini mdomo haukufunguka. Nikamkazia macho Hamza, aliyekuwa amekaa mlangoni. Akainama. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Wakanichanja chale, wakanifukiza. Nilipoanza kukosa pumzi, Hamza akaanguka miguuni pa mama. "Mama, nisamehe. Tulichimba kwenye handaki la Mjerumani. Alichomwa na chuma."

Wakanikimbiza hospitali, Korogwe. Daktari akatazama unyayo. "Hii ni pepopunda. Mngechelewa kidogo, mngekuja kuchukua maiti." Nililazwa chumba chenye giza, mpira puani, wauguzi wakinong'ona. Nilirudi nyumbani mifupa mitupu, nikajifunza kutembea upya.

Yule wa handakini tulimzika. Shehe aliuliza jina lake. Hatukujua hata kama alikuwa Mjerumani au mtu wetu aliyebebeshwa mizigo.

Ukichomwa na chuma, wahi sindano. Na wewe unayejua kilichompata mgonjwa, sema upesi. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari na wauguzi. Namshukuru na Hamza, maana bila yeye ningekufa. Kumsamehe bado sijaweza.