Makelele ya Jefwa Gunga

Majirani wa Majengo walikuwa na jina lao la muziki wa Jefwa Gunga: makelele. Jefwa hakuwakatalia. Yeye mwenyewe alisema panki, ile roki ya hasira, ni makelele, ila kuna makelele ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni na makelele ya mtu anayejifanya kubanwa, na kazi ya msikilizaji ni kuwatambua hao wawili.

Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika godauni moja la Shimanzi, bandarini, Mgiriama wa pwani, upande wa Kaloleni, kapera, akikaa chumba cha uani kwa dadake Kache. Mwaka wa tisini na moja alimpeleka hospitali baharia mmoja aliyeumia mkono, na yule baharia, asiwe na kitu kingine mfukoni, akamwachia kaseti. Ndani yake walikuwa vijana watatu wanaoimba kama watu wanaofukuzwa. Kiingereza chao Jefwa hakukipata chote. Alichokipata ni hasira, nayo ilifanana sana na ile aliyorudi nayo yeye kila jioni kutoka kwa tajiri wake. Tangu siku hiyo kila baharia aliyepita Shimanzi aliulizwa: "Bwana, huna kaseti za roki? Si za dansi. Za watu wasiojulikana."

Mji mzima ulikuwa na taarabu yake, rumba yake, rege yake, na nyimbo za sinema za Kihindi. Mtu wa kusikiliza naye panki Jefwa alimpata mmoja tu. Jina lake Kyalo, mtu wa bara, fundi redio mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi ya bara, Mwembe Tayari. Jefwa alimpelekea kaseti iliyotafunwa na mashine. Kyalo akaunga utepe, akaicheza kuijaribu, na badala ya kuirudisha akakaa akaisikiliza upande mzima.

"Huyu mpiga besi ajua kazi," alisema mwishowe. "Mwimbaji ndiye mwongo."

Jefwa akavuta kigoda, akaketi kumtetea mwimbaji. Ubishi huo ulidumu miaka.

Kila kaseti mpya ilikuwa kesi. Kulikuwa na bendi moja ambayo kaseti yake ya kwanza ilirekodiwa, Jefwa aliapa, ndani ya gereji. Ngoma zilisikika kama madebe, na hakuna kitu alichokipenda zaidi duniani. Kisha wakachukuliwa na kampuni kubwa, wakatoa ya pili. Jefwa aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama aliye matangani.

"Wamepigwa pasi," alisema. "Hakuna hata kunyanzi moja. Watu hawa sasa wakasirika kwa mshahara."

"Mbona sauti safi iwe dhambi?" Kyalo akauliza. "Mimi nashinda hapa kutwa nikiondoa mikwaruzo kwenye redio za watu, wewe waja kunisifia mikwaruzo. Wale wamejifunza kupiga, basi. Wataka wabaki wajinga ili ufurahi?"

"Nataka wabaki wakweli."

"Ukweli hauna haja ya spika mbovu, ndugu yangu."

Na Jefwa alikwenda zake amekasirika, akirudi kesho yake na hoja mpya aliyoifikiri kazini, baina ya lori na lori. Kache alizoea kumwona akila akitabasamu peke yake. Akimwuliza, alijibu, "Kyalo amekosea tena."

Kyalo hakukaa upande wa kisiwani kama Jefwa. Alikuwa amepanga Likoni, ng'ambo ya kivuko, yeye na mkewe Kate na binti yao. Agosti ya mwaka wa tisini na saba vita vikazuka kule. Kituo cha polisi kilishambuliwa, nyumba na vibanda vikachomwa, na watu wa bara wakaambiwa huku si kwao, warudi walikotoka. Asubuhi Jefwa alikuta kibanda cha Mwembe Tayari kimefungwa. Alikwenda tena, na tena. Alipoambiwa kwamba watu wamekimbilia kanisani, alivuka kivuko kwenda kumtafuta, ingawa Kache alimshika shati akilia asiende.

Alimkuta uani kwa kanisa, katikati ya magodoro na masufuria. Kate alikuwa amelala akiangalia ukuta. Nyumba yao ilikuwa imeungua, na nduguye Kate, aliyelala kwao usiku ule, alikuwa ameuawa kwa panga mlangoni.

Jefwa alitoa pole. Kyalo aliipokea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili Kate asisikie:

"Jefwa, nataka kukuuliza jambo moja, unijibu kweli. Ulijua?"

"Nijue nini?"

"Watu wenu walijua. Jirani yangu aliwahamisha watoto wake siku mbili kabla. Twala naye chumvi moja, na hakuniambia kitu. Wewe je?"

"Haki ya Mungu, Kyalo, sikujua. Ningejua ningekuja kukuchukua mimi mwenyewe."

Kyalo alimtazama muda mrefu. Jefwa aliyajua macho hayo. Ndiyo aliyoyatumia fundi huyo akisikiliza mwimbaji, akitafuta palipo uongo. Lakini safari hii hayakuwa na raha ya ubishi ndani yake.

"Huenda hukujua," Kyalo alisema. "Sina njia ya kupima."

Baada ya siku chache Jefwa aliwaona Mwembe Tayari, wakipanda basi pamoja na umati wa watu wenye mafurushi. Alisaidia kupandisha godoro juu. Kyalo alimshukuru kama anavyoshukuriwa mchukuzi, kwa heshima, na akampa mkono. Kate hakuutoa wake.

Hakukuja habari. Kibanda kikachukuliwa na muuza mitumba. Mwaka uliofuata baharia mmoja Mfilipino alimletea Jefwa kaseti ya bendi ile iliyopigwa pasi. Walikuwa wameachana na kampuni kubwa, wakarudi kurekodi wenyewe. Aliisikiliza chumbani, mlango umefungwa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa safi na kweli kwa pamoja, na hapo akatambua kwamba katika kesi ile kubwa Kyalo ndiye aliyekuwa na haki tangu mwanzo, na hakuna wa kumwambia.

Alijaribu kumweleza Kache. Dadake aliacha kuchambua mchele, akatega sikio kwa mapenzi ya kweli.

"Waimba nini hawa?"

"Waimba kwamba wamechoka na mji wao. Wasema wangetaka kuuchoma."

Kache akatazama chini. "Kakangu, tafadhali," alisema. "Izime."

Akaizima. Wiki hiyo mashine ilipotafuna utepe hakuupeleka kwa fundi yeyote. Mabaharia waliendelea kupita Shimanzi, na waliomfahamu walimwita wakimwonyesha kaseti. Jefwa aliwapungia mkono kwa adabu, akawauliza hali, akarudi kuhesabu magunia.