Jibu la Tatu la Taisto

Taisto Lehtovaara nilifanya naye kazi zamu moja, kwenye kiwanda cha karatasi cha Kuusankoski, kwa miaka kumi na saba. Shule aliiacha mapema, lakini hesabu zilimshika. Mlinganyo mmoja hasa: mbili kwa kipeo cha x ni sawa na x mara x. Jibu moja ni mbili, jingine nne. Hayo hata mimi niliyaona. La tatu liko chini ya sifuri, karibu na hasi sifuri nukta saba sita saba. Taisto alilisogelea kwa kubahatisha na kusahihisha, tarakimu moja moja. Hakutosheka. Alitaka kanuni ya kulitoa kamili, kwa hesabu za kawaida tu.

"Hiyo x yako ingekuwa mwanamke, ningeshaing'oa nywele," mkewe Hilkka alimtania jioni moja, sisi wa zamu yake tulipokuwa kwao.

Vuli moja Hilkka alimwambia tumbo linamuuma.

"Ngoja nimalize mstari huu," Taisto akajibu.

Baadaye hakumuuliza, naye Hilkka hakurudia. Alipolazwa, saratani ilishafika kwenye ini. Tulimzika Machi, ardhi bado imeganda.

Baada ya mazishi nilibaki kwao kuosha vyombo. Binti yao Marketta, mwalimu wa hesabu huko Turku, alikuwa mezani na baba yake. Taisto akamsukumia daftari.

"Niangalizie, mwanangu. Nimekwama wapi?"

Marketta hakulifungua. "Baba, kwa njia hizo jibu la tatu halitoki. Wataalamu walilijua zamani, wakabuni kanuni mpya kabisa kwa milinganyo ya namna hiyo."

"Umejua lini?"

"Mwaka wa pili chuoni."

"Miaka tisa! Ukanyamaza?"

"Mama alinikataza. Alisema, 'Mwache baba yako, ndiyo raha yake.'"

Taisto akainamisha kichwa. "Na ugonjwa wake, ulijua?"

"Nilijua. Alisema atakwambia mwenyewe."

"Aliniambia," Taisto alisema.

Akalia kwa sauti. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilia.

Alistaafu mwaka uleule, hakugusa hesabu tena. Aliishi miaka sita. Kila nilipomtembelea aliniuliza Hilkka alikuwa akisimulia nini jioni zile tulipokuwa kwao, yeye akiwa ameinamia daftari, nami nilimweleza nilichokumbuka. Mengi nilikuwa nimeyasahau.