Habari Mbaya kwa Kiti Kitupu

Mimi ni muuguzi Butembo, na umri wangu umepita hamsini. Mtihani wa Kiingereza wa wauguzi wanaotafuta kazi ng'ambo umeniangusha mara mbili, katika sehemu ya mazungumzo. Basi nilijifungia katika chumba cha dawa kufanya mazoezi ya kumpa ndugu wa mgonjwa habari mbaya, nikakiambia kiti kitupu kwa Kiingereza, polepole na kwa huruma: "Pole sana, mama yako amefariki."

Hapa kwetu lugha ya shule ni Kifaransa, kwa hiyo niliamini hakuna wa kunielewa. Dirishani alisimama binti wa mgonjwa wangu, mwanamke wa Kamango, kule mpakani, anayefanya biashara Uganda na kujua Kiingereza. Alianguka akilia, na wodi nzima ikalia naye. Nilifungua mlango, na mama yake akatoka jikoni na kikombe cha uji.

"Munalilia nani?"

Binti akaninyooshea kidole. "Docta alisema umekufa."

"Nilisema, mama," nikajibu. "Na kesho nitakuua tena kwa mazoezi. Mutoto yako alielewa Kiingereza yangu yote."