Pilipili Zilizopewa Nyumba

Miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali, nilikuwa mwalimu kijana, nimetumwa Garissa kutoka bara, na nilikuwa mbishi kupita kiasi. Kila mtu aliniambia jua la huku halitaki maua. Kwa hiyo nikapanda maua. Yalikuwa pilipili za mapambo, zile fupi zinazozaa vitunda vya zambarau, vya manjano na vyekundu kwenye shina moja. Nyumbani kwetu huwekwa mlangoni zikatazamwa tu, maana hakuna mama wa kwetu aliyewahi kutia pilipili chunguni.

Jua liliniunguzia miche mara mbili. Aliyeniokoa ni mama mmoja Msomali aliyeniletea maziwa ya mbuzi wa shemeji yake. Alikuja kila asubuhi kwa cheti cha ruhusa ya kutoka, akitokea kile kijiji cha uzio ambako serikali iliwakusanya wafugaji. Nilimwita habaryar, yaani mama mdogo, naye alicheka jinsi nilivyolitamka. Ngamia wake walikuwa wamechukuliwa, na kijijini hakupewa kiwanja. Alilala chumbani kwa shemeji, pamoja na watoto saba. Mikeka na miti ya nyumba yake, ile aliyosukiwa na mamake na shangazi zake alipoolewa, ilikuwa imefungwa tu, mchwa wakiionja.

Akaileta kwa punda, akaijenga uani kwangu. Aliacha nafasi katikati ya mikeka, jua la asubuhi liingie, la mchana libaki nje. Ikasimama nyumba kamili ya Kisomali, wapangaji wake makopo arobaini ya pilipili. Zilistawi ajabu. Kila habaryar akiondoka, vitunda kadhaa viliondoka naye, nami nilijifanya sioni.

Siku moja akaja afande na askari wawili, kukagua nyumba za serikali.

"Nyumba ya shifta hapa?" akauliza.

"Ni kibanda cha maua, afande."

Akainama, akachungulia. "Maua gani yanazaa hivi? Hiki ni chakula. Unawapandia shifta chakula!" Akamgeukia askari: "Leta kiberiti. Choma."

Habaryar alikuwa amesimama na kibuyu chake cha maziwa. Sijawahi kuona uso ukikauka vile. Nami niliogopa, kwa sababu nilijua hana nyumba nyingine duniani.

"Haki ya Mungu ni maua," nikasema.

Afande akamwuliza yeye: "Mama, hiki ni chakula au si chakula?"

Hapo palikuwa na kazi, maana jana yake tu alikuwa amezisaga pilipili hizo akazila kwa wali.

"Afande, mimi ni mtu ya swala, siwesi sema uongo. Wewe onja, halafu sema mwenyewe."

Kwa lafudhi yake afande alikuwa mtu wa milima ya kwetu. Chungu cha mamake nilikijua kama changu. Ningeweza kumwonya. Badala yake nikasema, kwa heshima zote, "Hizo za zambarau ndizo tamu, afande."

Akatupa tatu kinywani, akatafuna kwa mamlaka.

Wahenga huuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Huyu aliila. Kwanza alinitazama tu. Kisha kofia ikaanguka, machozi yakamtoka, akanyakua kopo langu la kumwagilia akalinywa lote. Lilikuwa na maji niliyolowekea mavi ya mbuzi. Nilitaka kumwambia, hakunipa nafasi. Askari wake waligeuka kuutazama mto uliopita nyuma ya ua, mabega yakiwatikisika.

Habaryar ndiye aliyemshika mkono. "Kunywa masiwa, kijana yangu. Bole bole."

Afande alipopata sauti, akasema, "Hiki si chakula. Kibanda cha maua. Kiruhusiwe." Askari akaandika.

Walipopotelea njiani tulicheka mpaka nikakaa chini. Habaryar alipiga makofi, akamwigiza afande akitafuna, tukaanza upya. Kisha akaenda kushika mkeka mmoja.

"Mwalimu, serikali nabatia bilibili ruksa kukaa nyumba yangu."

"Ndiyo, habaryar."

"Mimi naomba kiwanja tangu mfua ile ingine."

Cheti chake kilikuwa kinaisha saa sita. Akachukua kibuyu, akarudi kijijini, nami nikabaki uani na aibu yangu, nikimwagilia pilipili ndani ya nyumba yake.