Matamshi ya Kihispania kwa Akina Mama wa Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini niliwaambia akina mama wa kwaya wajaze maji mdomoni, wainue vichwa juu, kisha wayachemshe kooni bila kumeza. Ndani ya kanisa. Niliwahakikishia kwamba hivyo ndivyo Wahispania wanavyotamka herufi R. Mama Mwenyekiti, bosi wa kwaya, ambaye ni rika la nyanya yangu, alipaliwa akamnyunyizia maji mama aliyekuwa mbele yake, mgongo mzima. Jioni nikairudia video niliyojifunzia kwenye simu nikagundua ilikuwa ya Kifaransa.

Nawaandikia wadogo zangu wa Fomu Wan, maana huenda siku moja nanyi mkaitwa kwenye kazi hii. Mimi niko Fomu Thrii na tayari nimestaafu, kwa hivyo nisikilizeni kwa heshima.

Niliajiriwa bila kuomba. Shule yangu iko Migori, kwetu ni Homa Bay. Wikendi moja ya mapumziko nilimkuta Sista, mtawa mzee anayesimamia zahanati ya parokia, nikamwambia "Hola", salamu ya Kihispania niliyoisikia kwenye mpira. Sista akacheka, akanipiga kofi la bega. Basi. Mama yangu alikuwa hapo, na mama yangu akishaamua jambo halirudi. Nilipofunga shule nikakuta kanisa zima linaniita japuonj, yaani mwalimu, na Mama Mwenyekiti ananingoja kwenye benchi la mbele.

"Japuonj," akasema, "Sista anastaafu. Jumapili ya mwisho ya likizo anaagwa, halafu anarudi kwao. Mama yako ndiye atamuaga kwa niaba ya akina mama wote. Na amesema atamuaga kwa lugha ya Sista mwenyewe. Sisi wa kwaya tutajifunza pamoja naye."

"Si amuage kwa Dholuo? Sista anaongea Dholuo kuliko mimi."

Hapo Mama yangu, aliyekaa kando yake, akadakia. "Wewe ulikataa kutoka tumboni siku mbili nzima. Sista alinishika mkono akaniongelesha kwa lugha yangu mpaka ukatoka, na kichwa chako hicho kikubwa. Nataka na mimi nimwambie neno kwa lugha yake. Mara moja tu. Utanifundisha ama hutanifundisha?"

Kichwa changu kikishaingizwa kwenye mazungumzo huwa sibishani. Nikatafuta maneno kwenye simu: *Gracias, hermana. Rezamos por usted.* Asante, Sista, tunakuombea. Nilichagua mafupi nikidhani mafupi ni rahisi.

Sasa niwaeleze utaalamu kidogo. Irabu za Kihispania ni zetu hizi hizi, a e i o u, hazina maringo. H huandikwa lakini haitamkwi. Inakaa tu pale kama askari wa geti la shule yetu. Nilipowaambia akina mama kwamba *hermana* husomwa "ermana", mmoja akauliza, "Sasa waliiandika ya nini?"

Halafu kuna C na Z, na hapa ndipo nilipopotea kabisa. Video moja ilisema *gracias* hutamkwa kwa th, ulimi ukigusa meno, kama tunavyosema thum kwa Dholuo, yaani muziki. Akina mama wakafurahi sana kwa sababu th tumezaliwa nayo. Video nyingine ikasema la, ni s, "grasias", na anayesema th atajulikana si wa kwetu. Ya tatu ikasema zote ni sawa, inategemea nchi. Nikamuuliza Mama, "Sista ni wa nchi gani?"

"Wa misheni."

"Misheni si nchi, Mama."

"Alitoka misheni akaja hapa. Unataka nimuulize kwao wapi, ajue kuna kitu tunapanga? Fundisha!"

Nikafundisha. Jumatatu tulisema th, Jumanne s, Jumatano Mama Mwenyekiti akagawa kwaya katikati, kulia th, kushoto s, "ili asikose kusikia ya kwao." Nilikaa kwenye ngazi za madhabahu nimeshika kichwa.

Lakini tatizo lililonitisha lilikuwa R ya *rezamos*. R ikianza neno kwa Kihispania lazima itetemeke. Ya Mama haikutetemeka. Yangu pia haikutetemeka, ila mimi nilikuwa mwalimu, sikuweza kusema. Mama alifanya mazoezi akiparua magamba ya ngege, samaki wa ziwa letu, nyuma ya nyumba, "re, re, re", na kila mara alinitazama kama anayesubiri bei. Nami nilitikisa kichwa tu, "Karibu, Mama, karibu." Haikuwa karibu.

Ndipo nikahamishwa kikazi kwenda Migori. Nilijihamisha mwenyewe. Huko anakaa Chacha, mwanafunzi mwenzangu, kwao ni Kegonga, lakini likizo huwa kwa mjomba wake mwenye krasha kule Osiri, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Chacha akikuita kutoka upande wa pili wa uwanja wa shule kwa jina lenye R, madirisha yanatikisika.

"Buda, sema tena," aliniambia.

"Rezamos."

"Hiyo umeiweka kooni kama mtu amemeza mfupa wa samaki. Nyinyi watu wa ziwa! Leta mbele. Ulimi hapa juu, nyuma ya meno. Usiukaze. Sasa washa krasha."

"Krasha?"

"Trrrrrr. Engine ya mjomba."

"Yangu inazima."

"Haina dizeli. Vuta pumzi kwanza, mjinga wewe."

Mpaka saa ya chakula nilikuwa nimemtemea Chacha mate usoni na shati lote, na ulimi unawaka. Mjomba wake alipita akauliza kama nina degedege. Lakini ikashika. Sijui ilishikaje. Ilizima, ilizima, kisha ikanguruma yenyewe, na Chacha akapiga nduru kama aliyeona dhahabu.

Nilimrithisha Mama ujuzi huo jikoni. Alinicheka kwanza. Kisha akavuta pumzi akawasha krasha lake, na kuku wakatoka mbio.

Jumapili ilifika. Kanisa lilijaa hadi nje. Mama alisimama na kitenge kipya, akakunja mikono. Mimi nilikuwa pembeni nasali, jambo ambalo kwa kawaida huwaachia wengine.

"Gracias, hermana," alisema. Kwa s. "Rrrrezamos por usted."

Ile R ilizunguka kwenye mabati ikarudi. Sista, aliyekuwa amekaa karibu na Padre na tabasamu la wageni, alimgeukia Mama. Akasimama, akaanza kumjibu kwa Dholuo, akasema maneno kama mawili hivi, halafu lugha ikamponyoka. Akaingia Kihispania. Hakujua kwamba ameingia. Akaendelea tu, macho kwa Mama, machozi yakishuka, na Mama naye akitikisa kichwa kama anaelewa, lakini mkono wake mmoja uko nyuma, unanipungia: njoo, njoo.

Wadogo zangu, mnajua desturi yetu. Mgeni akiongea lugha nyingine kanisani hasimami peke yake. Mtu husimama kando yake, akatafsiri kipande kwa kipande, na mtafsiri hodari huiga hata mikono ya msemaji. Padre akaangaza macho, akaniona. "Japuonj! Njoo utafsiri."

Mimi nilikuwa wa matamshi. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya maana.

Nilienda. Ningefanyaje? Sista akasema kitu kirefu akiweka mkono kifuani. Nami nikaweka mkono kifuani. "Anasema anashukuru sana," nikasema kwa Dholuo. Vigelegele. Akasema kingine akionyesha upande wa ziwa. "Anasema atakumbuka samaki." Vigelegele zaidi. Akamshika Mama mikono yote miwili akanong'ona karibu, sauti ikikatika. Nikakohoa. "Anasema... leo jua ni kali."

Mama aligeuka akanitazama. Alikuwa anangoja neno lake, lile la kwake peke yake, na mimi nimempa hali ya hewa.

Sista naye aligeuka. Ndipo nikakumbuka kwamba mwanamke huyu anaelewa Dholuo yote, kila samaki na kila jua nililomtungia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulianza kucheza pembeni. Akawageukia watu akasema kwa Dholuo safi, "Erokamano ahinya," asanteni sana.

Na mimi, kwa ile kasi niliyokuwa nayo, nikatafsiri: "Anasema, erokamano ahinya."

Kanisa lilicheka mpaka Padre akakalia kiti chake akajifunika uso kwa stola, ule utepe wake wa shingoni. Nilistaafu hapo hapo, bila sherehe.

Baada ya misa niliwaona mlangoni. Sista amemkumbatia Mama, mdomo uko sikioni mwake, anaongea polepole, kwa muda mrefu. Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha anacheka, kisha anafuta tena.

Tangu hapo nimejiuliza mengi. Nimejaribu kukumbuka zile sauti nizitafute kwenye simu, lakini zinanijia vipande tu, th na s zimechanganyika, na sijui hata niliandikeje neno nisilolijua. Naweza kuitamka lugha nzima, vijana wangu, na sijui inachosema. Kama kuna kozi ya jambo hilo, niambieni.

Usiku huo wakati Mama anapakua ugali nilimuuliza, kwa adabu zote, Sista alikuwa amesema nini.

"Ameniambia yote tena kwa Dholuo pale mlangoni," akasema Mama. "Ni yangu. Wewe ulifundisha matamshi, kaa na matamshi. Nawa mikono ule."