Landrova ya Baba na Kabari ya Mama

Baba alikuwa na msemo aliourudia mpaka ukatuchosha: dereva hutumia gia, breki ni ya waoga. Landrova yake, kongwe kuliko mimi, aliishusha kutoka Misima hadi Korogwe na magunia ya mahindi kwa gia ndogo tu, injini ikinguruma, na watu wakamsifu kwamba hana mfano. Mimi mwanawe nimekuwa fundi wa magari, nina banda langu Kilole, lakini gari hilo sikuwahi kuruhusiwa hata kufungua boneti lake. "Katengeneze ya wenzako," alikuwa akiniambia.

Mama naye alikuwa na lake. Alikaa kiti cha mbele, kabari ya mninga miguuni. Kila tulipofika mahali, gari likiwa bado linatambaa, alifungua mlango, akaruka, akaisukuma kabari chini ya gurudumu. Tulimtania sana. Tulimwita utingo wa baba, naye akacheka pamoja nasi.

Mwaka huu macho ya baba yalipofifia ndipo akanikabidhi ufunguo, maana mama ana magoti mabovu na lazima apelekwe hospitali Korogwe mara kwa mara. Nikaja na vifaa vyangu, nikawaamkia, nikapanda garini na kukanyaga breki nione hali yake. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, haikuzama hata kidogo. Nikafurahi, nikamsifu mzee kwa matunzo. Alijifanya anatafuta fimbo yake.

Nilifungua gurudumu la mbele kushoto kwa ajili ya usafi tu. Ndani kulikuwa na kutu kavu, kana kwamba viatu vya breki havijagusa chuma miaka mingi. Nikalifuata kwa kidole bomba la mafuta ya breki, na kabla halijafika kwenye gurudumu nikakuta limekatwa, likakunjwa, likagongwa nyundo mpaka likawa bapa. Ujanja huo mafundi na madereva wa huku tunaujua sote: gurudumu likivuja na spea haipo, unaliziba, unarudi nyumbani kwa breki za yale matatu, kesho unatengeneza. Mpaka hapo sijashtuka. Nikaenda la kulia. Bapa. Nikaenda nyuma. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: yote manne yalikuwa yamezibwa. Pedali ilikuwa ngumu kwa sababu mafuta hayakuwa na pa kwenda. Nilikaa chini kwenye vumbi, nikituona watoto sote juu ya yale magunia, tukiimba kwenye mteremko.

"Baba, gari halina breki."

"Nilikuwa nangoja mipira ya breki," alisema. "Dukani kwa Mhindi ilikuwa imekwisha."

"Lini?"

Akafikiri kidogo. "Ulikuwa hujaanza shule."

Nikamgeukia mama, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni. Hakuonyesha kushangaa hata chembe.

"Mama, ulijua?"

"Sasa ile kabari nilikuwa naibebea nini?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ndugu zake wangemzuia kuendesha. Mahindi yangefikaje sokoni, mwanangu? Na huo ufundi ungeusomea kwa kitu gani?"

Nilikasirika siku nzima, sijui hasa kwa nani. Nikaenda Korogwe kununua mipira, mabomba na viatu vipya, nikavifunga, kisha nikamkalisha baba kwenye usukani tutoe upepo kwenye mabomba. Kanyaga, shikilia, achia. Alitii. Pedali sasa ilizama kidogo, kisha ikashika, kama inavyotakiwa.

Siku ya kwenda hospitali nilimweleza mama mara mbili kwamba sasa gari linasimama lenyewe. Akaitikia vizuri. Tulipofika langoni nilikanyaga, likasimama tuli, lakini mlango wake ulikuwa umeshafunguliwa. Alishuka kwa yale magoti mabovu, akainama polepole, akaisukuma kabari chini ya gurudumu, akaipiga kisigino kuhakikisha imekaa.

Sikumzuia. Nilibaki nimekanyaga breki mpaka alipomaliza.